Butiki inauza, lakini faida iko wapi? Mchoro mdogo kwa ajili ya wachuuzi wa Idjwi

Katika makanisa yetu ya Idjwi, upande wa Rubenga na upande wa Ntambuka, kuna waamini wengi wanaoishi kwa butiki ndogo. Ni chumba kimoja cha mbele ya nyumba, au kibanda karibu na pahali boti zinapotua, chenye sukari, sabuni, mafuta, kayee za wanafunzi, pile za tochi na soda. Wengi wao ni akina mama, na wengi walianza kwa mkopo wa AVEC au wa MUSO. Swali wanalotuletea mara nyingi ni moja: ninauza kila siku, watu hawakosi mlangoni, lakini mwisho wa mwezi minervali ya mtoto wa sekondari ninaikopa. Pesa inakwenda wapi?

Jambo hilo tunaliombea, na ni vema. Lakini lina pia jibu la hesabu. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alitumia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akaonyesha kwamba mtu wa namna hiyo huketi kwanza na kupiga gharama. Sisi tungependa leo kuketi pamoja na ndugu na dada zetu wenye butiki, tukiwa na kayee yenye karo, bik mbili (moja ya bluu na moja nyekundu), na rula. Hakuna kingine kinachohitajika.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili linawagusa watu wa kisiwa kuliko wengine. Idjwi inalisha wengine: mananasi yetu, kahawa, maharagwe na sambaza vinakwenda Bukavu na Goma. Lakini karibu kila kitu kilicho kwenye rafu ya butiki kimevuka ziwa kwa boti. Mwenye duka wa Kadutu akikosa sabuni leo anatembea hadi depo na kurudi kabla ya saa sita. Mwenye butiki wa Idjwi analipa wabebaji wa Bukavu, analipa bandarini, analipa nafasi ya mizigo katika boti, analipa wabebaji tena akishuka, na siku yake nzima imekwisha. Tena ziwa lenyewe si barabara ya kuchezea. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na familia nyingi za majimbo yetu mawili ya Kivu zikabaki na kilio. Basi kila kilo tunayopakia inapaswa kuwa na sababu ya kupakiwa. Mwenye butiki anayejua ni kitu gani kinamletea faida anapakia vitu vichache, na anaweza kungoja boti isiyojaa.

Mwanzoni mwa 2025 mabenki yalipofungwa Goma na Bukavu, wengi walitambua jambo jingine: akiba ya familia iliyobaki karibu ilikuwa ile iliyo kwenye rafu. Pesa iliyogeuka kuwa saki ya sukari au kasha la soda ni akiba pia. Ikilala pahali pabaya, familia inalala njaa pamoja nayo.

Sasa twende kwenye kazi.

Kwa mwezi mmoja, andika kwa kila bidhaa vitu vinne: umeinunua kwa bei gani, umelipa nini ili ifike, umeuza ngapi, na umepokea nini. Gharama ya kufikisha ndiyo watu wanayoisahau. Mama anasema sukari aliinunua 150,000, naye anaiuza kwa jumla 180,000, kwa hiyo amepata 30,000. Hapana. Wabebaji, boti na bandari wamekula 10,000. Tena saki ya kilo 50 haitoi kilo 50 ukiipima kilo kwa kilo: kidogo kinamwagika, kidogo kinazidi kwenye mzani ili mteja asinung'unike. Ukipata kilo 49 zilizolipwa, umefanya vizuri. Kilo 49 kwa franka 3,600 ni 176,400. Toa 160,000, inabaki 16,400. Hiyo ndiyo faida ya saki, karibu nusu ya ile aliyokuwa akiifikiria.

Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu, ili hesabu ieleweke. Kila mmoja aweke bei zake za wiki hii. Ikiwa unanunua kwa dola na kuuza kwa franka, geuza kila kitu kuwa franka kwa bei ya dola ya siku uliyonunua, kisha usichanganye tena. Kayee yenye dola upande mmoja na franka upande mwingine haimwambii mtu chochote.

Tuchukue basi butiki moja ya mfano, yenye bidhaa sita, ambayo mwenyewe anakwenda Bukavu mara moja kwa juma. Sukari anauza saki 4 kwa mwezi, kwa hesabu tuliyoiona: anapokea 705,600, faida 65,600. Sabuni za mche, karatoni moja inamgharimu 25,000 pamoja na boti, inauzwa 30,000. Anauza karatoni 12, anapokea 360,000, faida 60,000. Mafuta ya kupikia, bidoni ya litre 20 inamfikia kwa 84,000, na akiiuza kwa vipimo vidogo inaleta 100,000. Bidoni 3 kwa mwezi, yaani 300,000, faida 48,000. Kayee za wanafunzi, pakiti inamfikia kwa 7,300 na kuuzwa 10,000. Pakiti 15, yaani 150,000, faida 40,500. Pile za tochi, boksi inamfikia kwa 16,200 na kuuzwa 30,000; maboksi 3, yaani 90,000, faida 41,400.

Imebaki soda ya chupa. Kasha la chupa 24 analinunua 20,000. Analipa 2,000 ili lifike, na 1,000 ili chupa tupu zirudi Bukavu, maana chupa ina safari mbili. Jumla 23,000. Anauza chupa kwa 1,000, kwa hiyo kasha zima lingeleta 24,000. Lakini katika kila kasha, kwa wastani, chupa moja inavunjika njiani au inachukuliwa na mteja asiirudishe: anapoteza ile 1,000 ya soda na 500 ya chupa yenyewe. Anabaki na 22,500. Ametumia 23,000. Makasha 20 kwa mwezi yanamletea mauzo ya 450,000 na hasara ya 10,000.

Ukisoma hesabu hizi zikiwa zimeandikwa hivi, mstari chini ya mstari, huenda usione kitu. Hata sisi tuliozizoea, jicho linachoka. Hapo ndipo mchoro unaposaidia.

Chora nguzo za mauzo kwanza. Karo moja ya kayee iwe franka 50,000. Ukizilaza nguzo kwa upande, inakuwa hivi:

Sukari ■■■■■■■■■■■■■■
Soda ■■■■■■■■■
Sabuni ■■■■■■■
Mafuta ■■■■■■
Kayee ■■■
Pile ■■

Huu ndio mchoro ambao mwenye butiki anaubeba kichwani hata bila kuuchora. Ni mchoro wa mlangoni: anaona watu wanakuja kwa sukari na soda, na anahisi kwamba hizo mbili ndizo zinalisha nyumba. Pile anaziuza mara mojamoja, hazimshughulishi.

Sasa kwenye ukurasa unaofuata, ukizipanga bidhaa tangu yenye faida kubwa hadi ya mwisho, chora nguzo za faida. Karo moja iwe franka 5,000. Hasara ichore kwa bik nyekundu, upande wa pili wa mstari wa sifuri (hapa tunaionyesha kwa karo tupu).

Sukari ■■■■■■■■■■■■■
Sabuni ■■■■■■■■■■■■
Mafuta ■■■■■■■■■■
Pile ■■■■■■■■
Kayee ■■■■■■■■
Soda □□

Weka kurasa mbili kando kando. Soda iliyokuwa ya pili imekuwa ya mwisho, tena upande wa hasara. Pile zilizokuwa mkiani zinaleta karibu sawa na mafuta. Sabuni, ambayo mauzo yake ni nusu tu ya yale ya sukari, imeikaribia kabisa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuyaona hayo bila kujumlisha chochote, na mume au mke asiyependa hesabu anaweza kuyaona pia, jambo ambalo katika nyumba nyingi linapunguza ugomvi.

Namna hii ya kuchora biashara kwa nguzo ina miaka zaidi ya 200. Aliyeichapisha wa kwanza ni William Playfair, mwana wa mchungaji wa kanisa la Uskoti, katika kitabu alichokitoa London mwaka 1786. Kuhusu biashara ya nchi nyingine alikuwa na hesabu za miaka mingi, akazichora kwa mistari. Lakini kuhusu Uskoti alikuwa na hesabu ya mwaka mmoja tu, tangu Noeli ya 1780 hadi Noeli ya 1781, ikionyesha bidhaa zilizoingia na zilizotoka kwa nchi 17. Mistari haikuwezekana, basi akachora nguzo. Inatupendeza kukumbuka jambo hilo kila mtu anapotuambia kwamba hesabu zake ni chache mno, hazitoshi kuchorwa. Za mwezi mmoja zinatosha.

Je, mama wa mfano wetu aache soda? Wengine watajibu haraka kwamba aache. Sisi tungemwambia atazame kwanza. Akipandisha chupa kutoka 1,000 hadi 1,100, chupa 23 zilizolipwa zinaongeza 2,300 kwa kasha, na ile hasara ya 500 inageuka kuwa faida ya 1,800. Kwa makasha 20 ni 36,000. Hata nusu ya wateja wakikasirika na kwenda kwa jirani, makasha 10 yanaleta 18,000, na nafasi ya makasha mengine 10 katika boti imebaki wazi. Shida itakuwa noti ndogo za kurudishia, na hiyo ni shida ya kweli kwetu. Pahali ambapo hazipatikani, bei ya 1,100 inageuka kuwa ugomvi wa kila saa. Njia nyingine ni kutotoa chupa nje ya butiki bila amana. Mambo hayo mawili yakishindikana, basi aache. Makasha matano anayoyaleta kila juma yanamfunga 100,000 bila kuhesabu chupa, na yakijaa yanapita uzito wa saki ya sukari.

Kuhusu pile, tunawaomba watu wasikimbie. Ni kweli kwamba franka 100 zilizowekwa katika pile zinarudi na 85 juu yake, wakati 100 zilizowekwa katika sukari zinarudi na 10 tu. Ni kweli pia kwamba maboksi matatu yanaingia katika mkoba wa mkononi. Lakini kijiji kinahitaji pile kwa kiasi chake. Ukileta maboksi kumi badala ya matatu, saba yatakaa kwenye rafu, na mengine yataharibika. Mchoro unaonyesha faida ya kile kilichouzwa. Hauahidi kwamba utauza zaidi. Ongeza boksi moja, ngoja mwezi, chora tena.

Na sukari, yenye faida ndogo kwa kila saki, inastahili heshima yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba anayekuja kwa sukari ndiye anayeondoka na sabuni. Mchoro wetu hauonyeshi hilo, na mwenye butiki anapaswa kulikumbuka kabla ya kukata kitu kwa sababu nguzo yake ni fupi. Ya pili ni mwendo. Fikiri mama huyu amekopa 160,000 katika kundi lake ili anunue saki moja, na kundi linatoza 10 kwa mia kwa mwezi. Riba ni 16,000. Kama saki ile inakaa mwezi mzima kabla ya kwisha, inaleta 16,400, na baada ya riba amebaki na franka 400 kwa kazi ya mwezi. Kama saki inaisha kwa juma moja, na pesa yake inanunua nyingine, na nyingine tena, mwezi unaleta 65,600, na riba ni ileile 16,000. Saki ni moja, deni ni moja, tofauti ni mara ngapi pesa imezunguka. Kwa hiyo kando ya kila nguzo ya faida andika namba ndogo: bidhaa hii imezunguka mara ngapi mwezi huu. Mtu anayekopa kwa ajili ya bidhaa inayozunguka mara moja kwa mwezi anafanya kazi kwa ajili ya sanduku la kundi.

Tukijumlisha nguzo zote na kutoa soda, butiki yetu ya mfano imepata 245,500. Bado hiyo si pesa ya nyumba. Mwenye butiki amekwenda Bukavu mara nne. Tuseme nauli yake na chakula ni 10,000 kila safari, ni 40,000. Chumba anakipangisha 30,000. Imebaki 175,500. Chora nguzo moja ndefu ya 245,500, ikatie kipande cha safari na kipande cha chumba, na kile kinachobaki ndicho unachoweza kukigawa: chakula, minervali, kundi, kanisa.

Hapa tuguse jambo ambalo linazungumzwa kwa sauti ndogo. Kuna wenye butiki wanaotoa fungu la kumi wakihesabu pesa iliyoingia sandukuni, yaani mauzo. Katika mfano wetu mauzo yote ni 2,055,600, na sehemu yake ya kumi ni 205,560. Hiyo inapita kila kitu alichopata mwezi huo. Mwenye kutoa hivyo anakata rafu yake, na baada ya miezi michache hana butiki wala fungu. Sehemu ya kumi ya faida iliyobaki ni 17,550. Kila mmoja ataongea na dhamiri yake na mchungaji wake, na hatutaki kumpimia mtu moyo wake. Lakini tunawaomba wachungaji wanaopokea matoleo ya wachuuzi wawaulize kwa upole kama wanajua tofauti ya namba hizo mbili. Kanisa halisaidiwi na butiki iliyofungwa.

Kisha kuna madeni. Sisi watu wa Kivu hatuwezi kuuza bila kukopesha. Jirani aliyefiwa, mwalimu ambaye mshahara wake haujafika, mama mkwe, mtu haachwi aende mikono mitupu. Hatusemi hilo likome. Tunasema lionekane. Kwenye nguzo ya kila bidhaa, rangi kwa bik ya bluu sehemu iliyolipwa, na acha tupu ile ambayo iko nje kwa watu. Mara nyingi bidhaa inayokopwa zaidi ni ileile unayoisifia. Fikiri mafuta: faida yake kwenye kayee ni 48,000, lakini ikiwa mafuta ya 60,000 bado hayajalipwa mwishoni mwa mwezi, basi kwa mkono mafuta yamekuacha na upungufu wa 12,000, na bidoni inayofuata utainunua kwa pesa ya sabuni. Utaliona hilo kwa jicho moja: nguzo nyeupe katikati ya nguzo za bluu. Na mche wa sabuni unaotoka kwenye rafu kwenda kuoga watoto wa nyumbani, uandike pia. Nyumba ni mteja kama wateja wengine, na ndiyo isiyolipa.

Mwezi mmoja unaonyesha mahali ulipo. Miezi kadhaa inaonyesha mambo mengine, na hapo tunaacha nguzo na kutumia mstari: weka miezi chini, franka upande, tia nukta, ziunganishe. Kayee za wanafunzi zitaruka Septemba, shule zinapofunguliwa, kisha kulala. Wakati wa mavuno ya kahawa, takriban Machi hadi Juni, pesa inaingia vijijini na vitu vingi vinapanda pamoja. Noeli inajulikana.

Kwa walio karibu na ufuko tunapendekeza kuchora kwa juma badala ya mwezi, kwa sababu ya sambaza. Samaki huyu, ambaye aliletwa Kivu kutoka Tanganyika miaka ya 1950 inapokwisha, anavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haimvuti vizuri, na wavuvi wanarudi na kidogo. Mwenye butiki wa ufukoni akichora mauzo yake juma kwa juma ataona mstari unashuka na kupanda pamoja na mwezi wa mbinguni. Akijua hivyo, ataleta mizigo yake kabla ya usiku wa giza, na wakati wa mbalamwezi atakopesha kwa uangalifu, akimwambia mvuvi tarehe ya kulipa ambayo mvuvi mwenyewe anaweza kuitimiza.

Mwenye simu kubwa anaweza kufanya yote haya katika programu ya hesabu kama Excel: safu ya majina ya bidhaa, safu ya faida, kisha anachagua mchoro wa nguzo na programu inachora yenyewe. Ni vizuri ikiwa umeme wa kuchaji unapatikana. Tunaonya juu ya mambo mawili tu. Programu hizo zinapenda kukupa duara lililokatwa vipande kama mkate. Duara ni zuri kwa macho, lakini haliwezi kuonyesha hasara: hakuna kipande cha mkate kilicho chini ya sifuri, na soda yetu ingefichwa au ingeonekana kama faida. Jambo la pili, angalia kwamba nguzo zinaanzia sifuri. Zikianzia 40,000, mafuta yenye 48,000 yataonekana marefu mara kadhaa kuliko pile zenye 41,400, wakati tofauti ni ndogo. Kayee ya karo haina ujanja huo.

Makundi mengine yametuuliza kama wanachama waonyeshane michoro yao katika mkutano wa AVEC. Kwa maoni yetu, mchoro wa mtu ni siri yake, kama kayee yake ya madeni, maana una majina ya majirani ndani. Kinachoweza kuletwa mbele ya wote ni mchoro wa butiki ya mfano kama huu wetu, uliochorwa kwenye karatasi kubwa au ubaoni. Kila mmoja achore wa kwake nyumbani, na akitaka mkopo mkubwa, aonyeshe wenye kusimamia sanduku ukurasa mmoja tu: faida ya bidhaa anayotaka kuikopea, na mara ngapi inazunguka.

Kwa wale wanaotaka kuanza, waanze siku ya kurudi kutoka Bukavu, mizigo ikiwa bado mlangoni na bei za wabebaji zikiwa bado kichwani. Andika kabla ya kupanga rafu. Baada ya majuma manne chora kurasa mbili, ya mauzo na ya faida, andika tarehe, na uzitunze. Septemba ijayo utahitaji kujua ni pakiti ngapi za kayee ulizouza Septemba hii, na boti haitakungoja ukikumbuka.